Jumapili Niliyoligeuza Dishi la Mama

Harufu ya pilipili manga mbichi ikianikwa juani hunipandisha hasira mpaka leo. Wenzangu ikiwagusa puani wanakumbuka pilau. Mimi nakumbuka vita. Nikipita sokoni Morogoro, pale wanapokaa akina mama wa Matombo na vifurushi vyao vya viungo, huwa navuka upande wa pili wa njia. Mmoja akiniita, "Dada, karibu," namjibu kwa mkato, halafu mbele ya safari najuta, kwa sababu yeye hajanikosea kitu. Niliyemkosea amelala kaburini hukohuko Matombo. Nitakusimulia ilivyokuwa, maana nimechoka kukaa nalo peke yangu.

Tulikuwa tunakaa Mazimbu, kwenye nyumba ya kupanga yenye ua wa matofali. Baba alikuwa fundi wa maabara, Mluguru wa Matombo, mtu mpole kupita kiasi, wa aina ile ambayo upole wao unawaachia wengine wagombane. Mama alikuwa Mkenya wa Kakamega. Walikutana Nakuru, Baba alikopelekwa kozi, na Mama alitoroka naye wakati baba yake alikuwa ameshapokea ng'ombe wa mwanamume mwingine. Babu huyo sikuwahi kumwona. Alitangaza kwamba binti yake amekufa, akakataza mtu yeyote wa pale nyumbani kumwandikia. Mama aliandika barua miaka minane na hakuna iliyojibiwa.

Kwa hiyo Mama alinunua dishi. Alilinunua kwa pesa za cherehani yake, bila kumwomba Baba, likaletwa na mkokoteni watoto wa mtaa mzima wakilifuata nyuma. Lilikuwa pana kuliko meza yetu ya kulia, na fundi alilisimika katikati ya ua juu ya bomba fupi, usawa wa kifua changu. Halikutazama ukutani. Lilitazama mbinguni, limelala chali kama karai la kujengea. Fundi alituonya kwamba likisogea hata upana wa ukucha, Kenya hatuioni tena.

Tangu siku hiyo Mama alihamia Kenya akiwa Mazimbu. Saa moja jioni taarifa ya habari ilipoanza, nyumba ilinyamaza. Alijua mvua imenyesha Kakamega kabla hajajua kwamba nguo zetu zimelowa kambani. Aliwajibu watangazaji, akawabishia wabunge, akawacheka watu wa matangazo ya sabuni, na mimi nikimwuliza jambo la shule alininyooshea kiganja bila kugeuka. Nilikuwa na miaka kumi na niliichukia ile televisheni kwa moyo wangu wote. Shuleni waliniita Mkenya. Nikirudi nyumbani nimkute Mkenya mwenyewe, naye hana habari na mimi.

Mwaka huo ndipo Bibi, mama yake Baba, aliposhuka kutoka Matombo kuja kutibiwa macho. Alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili. Hospitali walisema watafanya jicho moja kwanza, wasubiri miezi miwili, halafu la pili. Akaja na rozari yake, mkungu wa ndizi, na gunia la pilipili manga iliyochumwa mbichi, kwa sababu milimani mvua ilikuwa haikatiki na huku mjini kuna jua. Siku ya pili, mimi na Mama tukiwa tumetoka kupeleka nguo za mteja, Bibi alipapasa uani kutafuta mahali pa kuanika, akaligusa dishi, akalisifu. Tuliporudi lilikuwa limejaa pilipili mpaka ukingoni.

Picha ilikuwa imekatika vipande vipande. Mama alichukua ufagio wa chelewa akazipangusa zote zikamwagika mchangani. Bibi alipiga magoti, akaziokota punje moja moja kwa vidole, akazipepeta, na kesho yake akazianika palepale. Mara ya kwanza huenda hakujua. Mara ya pili alijua vizuri sana. Mchezo huo uliendelea wiki nzima, wakwe wawili wasioongea, na nyumba yote ikinuka pilipili. Wahenga walisema fahari wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Nyasi zilikuwa mimi na Baba, ila Baba alikuwa na mahali pa kwenda asubuhi.

Walikuwa wakisemana kwa kupitia kwangu. Mama aliniambia nimwambie "mama yake baba yako" kwamba hilo si ungo. Bibi aliniambia nimwulize "huyo Mkenya" kama mshahara wa mwanawe umekwisha wote kwenye bati. Kinyongo chake kikubwa kilikuwa kwamba Baba ni mjomba wa watu, ana dada zake na watoto wa dada zake wanaomtegemea kule mlimani, na tangu alipooa hawamwoni. Kwa Waluguru mjomba si mgeni wa sikukuu. Ndiye mwenye watoto.

Mimi nilikuwa upande wa Bibi. Nilimwongoza chooni, nilimsukia nywele, nilikaa naye barazani baada ya jicho la kwanza kufanyiwa operesheni na kufungwa bandeji. Nilitaka kuwa mtu wa Matombo. Siku moja nikamwomba aniahidi kwamba nikikua atanipa kipande cha shamba kule, karibu na mto, nijenge. Alicheka kidogo, bila ubaya, kama mtu aliyeulizwa kitu ambacho kila mtu anajua.

"Mjukuu wangu," alisema, "shamba ni la lukolo, na lukolo mtu anaupata kwa mama yake. Wako uko hukohuko kwenye dishi. Kamwombe mama yako akuonyeshe."

Lukolo ndio ukoo. Nilikwenda kwa Mama nikiwa na kwikwi, nikamwuliza ukoo wetu wa Kakamega unaitwaje. Alikuwa anatazama habari. Alinijibu bila kuondoa macho kwenye kioo kwamba kwao mtoto ni wa ukoo wa baba yake, nikamwulize baba yangu. Unaona basi nilipoachwa. Huku wananirushia kule, kule wananirudisha huku. Usiku huo nililala nimeuma mto kwa hasira, na hasira yote niliielekeza kwenye lile bati pale uani, kwa sababu watu wazima sikuweza kuwafanya kitu.

Jumapili zilikuwa na kipindi cha kwaya, asubuhi, cha saa nzima. Mama hakukikosa. Jumapili moja mwishoni mtangazaji alitaja kwaya za wiki ijayo, na Mama akaruka kutoka kwenye kiti. Sijawahi kumwona akiruka, si kabla wala baada. Ilikuwa kwaya ya kanisa la kwao. Mama yake alikuwa akiimba ndani yake tangu yeye hajazaliwa, mstari wa mbele, sauti ya pili. Alinishika mabega akanitikisa. "Utamwona nyanya yako," alisema, na hata mimi niliyezoea kwamba Morogoro nyanya ni za mchuzi nilielewa.

Wiki hiyo aliimba kutwa. Alishona gauni jipya, la kutazamia televisheni. Aliniahidi tutakaa kiti kimoja. Ungedhani moyo wangu ungelainika. Ulikuwa mgumu zaidi, kwa sababu nilijiambia kwamba sasa atapata mtu mwingine tena wa kumtazama badala yangu. Sisingizii utoto. Nilijua ninachofanya.

Jumapili Baba alikwenda misa ya kwanza. Mama alikuwa ndani anavaa. Nilichukua spana kwenye sanduku la Baba, nikaenda uani, nikalegeza nati ile niliyomwona fundi akiikaza mwisho. Ililia kidogo. Nikaliegemea dishi kwa mikono miwili, likasogea, si zaidi ya vidole vitatu. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka wake barazani, bandeji jichoni, akihesabu rozari. Niliidondosha spana mchangani nikakimbilia kwenye pipa la maji na kujifanya nasuuza vikombe.

Nilimsikia Mama akiwasha. Nilisikia mkwaruzo. Akazima, akawasha tena, akabadili chaneli zote, kisha akatoka nje na gauni lake jipya akiwa peku. Alitazama mbinguni kwanza, kuona kama kuna wingu. Ndipo alipoiona spana. Alijaribu kulirudisha dishi mahali pake, huku akikimbilia mlangoni kutazama kioo na kurudi, huku na huku, mpaka jasho likamlowesha mgongo. Kuna wakati sauti ilikuja bila picha, wanawake wengi wakiimba pamoja, kama kwa kuhesabu kumi. Kisha ikakatika. Saa ya kipindi ikaisha.

"Nani amegusa hapa?" aliuliza.

Nilifungua mdomo, na nakuapia kwamba sijui ningesema nini, kwa sababu Bibi aliwahi.

"Mimi."

Mama alimwambia haoni. Bibi akasema jicho halioni lakini mkono anao. Mama akamweleza, kwa sauti ya chini sana, kwamba mle ndani alikuwamo mama yake mzazi, na hajamwona kwa zaidi ya miaka kumi. Nilimwangalia Bibi usoni. Alishtuka. Rozari ilimponyoka kwenye vidole, na kwa muda kidogo kichwa chake kilielekea upande wa pipa la maji nilipokuwa. Halafu akakirudisha.

"Basi," alisema, "nimeshafanya."

Hapo ndipo Mama alipotamka neno ambalo mkwe hamtamkii mama wa mumewe. "Mungu akunyime hilo jicho la pili."

Hakulirudia, na hakuliomba radhi. Baba aliporudi kanisani alimkuta mama yake amefunga gunia lake. Alimbembeleza kutwa nzima. Bibi alisema hatibiwi akikaa kwenye nyumba alimolaaniwa. Alfajiri ya Jumatatu alipanda gari la Matombo, akiwa na jicho moja linalopona na jingine lililosubiri zamu, na zamu hiyo hakuifuata tena. Baba alikwenda kumchukua mara tatu na mara tatu alirudi peke yake.

Na mimi? Nilifurahi. Ni aibu kuandika, lakini nilifurahi kwamba nimepona. Niliamini Bibi amenipenda, na nikaona raha kupendwa. Miezi minne baadaye ilifika barua ya kwanza kutoka Kakamega, kutoka kwa mdogo wake Mama, aliyeiandika kwa siri. Mama yao alikuwa amezikwa. Mama aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaenda kuliuza dishi kwa mwenye duka la vyuma chakavu.

Bibi alifariki mwaka juzi. Mama hakwenda kuzika. Nilikwenda mimi na Baba. Baada ya maziko aliniita kaka yake Bibi, mzee wa lukolo wao, akaniketisha upenuni. Hakuzunguka. Aliniambia kwamba dada yake aliisikia nati ikilia na akazijua ndala zangu zilivyokimbia. Nilimwuliza kwa nini basi alinibebea.

"Kosa la mtoto linabebwa na lukolo wake," alisema. "Wewe pale Mazimbu hukuwa nao. Alisema hakuona mtu mwingine karibu wa kukubebea."

Nilirudi mjini siku hiyohiyo kwa sababu nisingeweza kulala. Mama alikuwa anakata kitambaa. Nilimwambia yote, nimesimama, kuanzia spana mpaka alichosema yule mzee. Hakunikatiza. Alimaliza kukata kile kipande, akaweka mkasi chini, akaniuliza kama Bibi alikufa akiwa haoni jicho la pili. Nikasema ndiyo.

Kisha akasema, "La mama yangu nakusamehe, Skola. Ulikuwa mtoto. La jicho la yule mama siwezi, kwa sababu lile ulilifanya kwa mdomo wangu."

Miaka yote hiyo nilijihesabu kama mtu aliyekosa mara moja, asubuhi moja, kwa kulegeza nati. Nilidhani kunyamaza si kufanya. Lakini jicho lile lilikuwepo, na gari la Matombo lilikuwepo kila siku, na mimi nilikuwa na ulimi. Ningeweza kusema Jumatatu ile ile, au mwezi uliofuata, au nikiwa na miaka kumi na tano, na Mama angepanda mlima kwenda kulifuta neno lake. Alikuwa mtu wa hasira, si mtu wa kulaani. Sasa neno lile amebaki nalo, na hana wa kumwomba radhi. Tunasalimiana. Namwambia shikamoo, ananijibu marahaba, halafu anarudi kwenye cherehani.