Reli Isiyo na Mtu wa Breki

Reli yetu ilianzia Nairobi, karibu na uzio wa miiba, ikateremka hadi Mombasa, kwenye matete kando ya kijito. Safari yote ungeikimbia kwa pumzi moja. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kuona garimoshi. Tulikuwa watoto wa kijiji cha Hali ya Hatari, huku juu Embu upande wa Kibugu, ambako familia ziliondolewa mashambani kwa amri ya wakoloni zikapangwa kwa mistari kama vitalu vya kabichi. Mama zetu walishinda kwenye kazi ya lazima wakichimba matuta. Baba wengi, wangu mmojawapo, walikuwa kizuizini. Mchana ulikuwa wetu.

Aliyetuletea reli alikuwa rafiki yangu mkubwa. Alikuwa amerudishwa kutoka Nairobi pamoja na mama yake, baada ya baba yake, kibarua wa reli, kukamatwa. Alijua kupiga honi kwa mdomo na alijua vyeo, kwa hiyo akawa meneja. Garimoshi lilikuwa ubao wa mlango juu ya magurudumu ya gogo, tuliyoyapaka mafuta ya mbarika. Njia ilikuwa mifereji miwili tuliyoichimba kwenye mteremko.

Kila mtu alikuwa na cheo. Tulikuwa na stesheni masta, mkata tiketi, hata msimamizi wa bendera. Mtu wa breki hatukuwa naye, maana huyo angekimbia nyuma akila vumbi, na nani anataka kula vumbi? Breki ikawa kijiti ambacho dereva alikikandamiza kwenye gurudumu.

Mimi nilikuwa inspekta. Kazi yangu ilikuwa kugonga magurudumu kwa jiwe, kutega sikio kama daktari, na kutangaza "Salama." Sikujua nilichokuwa nasikiliza. Gurudumu lililia ko, nikasema salama. Lingelia ki, ningesema vilevile.

Ajali zilikuwa nyingi, na baada ya kila moja meneja aliketi juu ya jiwe kufanya uchunguzi. Msichana aliyeng'oka jino alipatikana na kosa la kukaa vibaya, akaonywa. Mbuzi alipogongwa, iligunduliwa kwamba hakuwa na kibali cha kusafiri. Reli yenyewe haikuwahi kukosea.

Tena tulikula kiapo. Kila mfanyakazi aliweka udongo kwenye ulimi akaapa kwamba hatasema mambo ya reli kwa mtu mzima. Hakuna aliyetufundisha. Tuliona tu kwamba mtu akiropoka mbele ya homgadi, mlinzi mwenyeji aliyeitumikia serikali, nyumba fulani hubaki tupu. Mama yangu mwenyewe alipigwa kituoni akarudi hajataja mtu. Basi tukadhani kunyamaza ni wema kuliko wema wote.

Asubuhi moja nikaona kijiti cha breki kimepasuka. Nikamwita meneja kando nikamwonyesha.

"Inspekta," akasema kwa upole, "na hawa abiria wote nitawapeleka wapi? Wewe sema salama. Kesho tutakata kingine."

Nikasema salama. Abiria wa mbele alikuwa mdogo wangu, msichana aliyengoja zamu yake siku nyingi, na alikuwa amebeba kipande cha nduma cha kula njiani.

Kijiti kilikatika kabla ya nusu ya safari. Garimoshi lilipita Mombasa, likapita matete, likaangukia mawe ya kijitoni. Homgadi aliyekuwa akilinda maji alicheka kwanza, kisha akauona mguu wa mdogo wangu ulivyopinda, akamchukua mgongoni.

Jioni mama akauliza nani aliyehusika. Mimi nilikaa kimya, tena kwa fahari, nikingoja aone kwamba nimemrithi. Rafiki yangu ndiye aliyeingia na mama yake, akasimama katikati ya nyumba akazungumza kama karani.

"Mama, inspekta ni huyu. Nilimuuliza kama gari ni salama, akasema ni salama."

Lililoniuma ni kwamba hakusema uongo. Alikuwa ameacha nusu ya ukweli, ile nusu yake.

Mama alizoea kuniita baba, kwa kuwa nina jina la baba yake. "Ni kweli, baba?"

Niliinua tu kidevu, kama nilivyodhani yeye alifanya kituoni.

"Mimi nilinyamaza ili watu wasife," akasema. "Wewe unanyamazia ubao?"

Tangu hapo akaniita "wewe", na hata chakula alikiweka chini bila kunitazama.

Uchunguzi ulifanyika mdogo wangu akiwa bado amefungwa vijiti na mganga wa mifupa. Nilifutwa kazi, inspekta mpya akaapishwa, na safari zikaanza tena. Nilikwenda Nairobi nikawaonyesha abiria breki mpya, nyembamba kuliko ile ya kwanza. Wakacheka. Meneja akaniambia nitoke kwenye reli, mimi si mfanyakazi.

Nikaenda langoni, mama zetu wakiingia na majembe, nikasema yote mbele yao: kijiti, kesho ya meneja, na salama yangu niliyoijua kuwa si salama. Homgadi wa zamu alisimama pale pale akisikiliza. Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona.

Rafiki yangu aliniita homgadi. Miaka ile hapakuwa na tusi zito kama hilo, na wote wakaliitikia, hata yule aliyeng'oka jino. Yeye aliyetangulia kusema aliendelea kuitwa meneja mpaka tulipokiacha kile kijiji. Nimejaribu kumsamehe, siku nyingine naweza.

Mama hakunisifu. Aliteremka mteremkoni bado amebeba jembe, akalivuta lile garimoshi hadi mlangoni, akaupasua ubao katikati. Kisha akanipa shoka nimalizie. Usiku ule viazi viliivia kwa kuni zake, na mdogo wangu akaomba aongezwe. Mguu wake haukunyooka.