Kura Ambayo Mwanangu Hakuipiga

Mwanangu wa kwanza tulimbandika jina la Chekecheke, maana hakuna kilichompita bila kuchujwa. Alipokuwa mdogo, baba yake alitupeleka ukumbini kutazama picha kwenye shuka jeupe. Shujaa alipoopolewa mtoni, watoto wote walilia. Yeye akanivuta mkono: "Mama, mbona shati lake kavu?"

Leo ni mhakiki wa filamu, anaandika gazetini. Kila mwaka wahakiki hukutana, hupiga kura, na kutoa tuzo kwa filamu bora na waigizaji bora. Wenzake wengi hutazama filamu mara moja. Chekecheke hutazama mara mbili, na mara ya pili huzima sauti. "Ulimi hujua kujipanga, mama," huniambia. "Mabega hayajui."

Mdogo wake, kitinda mimba wangu, ni mwigizaji. Huyo amekufa jikoni kwangu mara nyingi, hata nikazoea kumwambia maiti asogee nifagie. Kwa miaka mingi alipewa vijisehemu tu: mlinzi wa geti, mgonjwa asiyesema. Mwaka huu ndipo akapata filamu ya kubeba mwenyewe, akiwa fundi saa anayefiwa na mkewe, na wahakiki wakamweka kwenye orodha ya mwigizaji bora.  Aliitaka tuzo ile mpaka ukimtazama unamwonea huruma.

Shangazi yao akatujia asubuhi. Kiti hakijapata joto, ameshaanza.

"Wewe Chekecheke, kura ya mdogo wako unayo?"

"Sipigi, shangazi. Mwenye ndugu kwenye mashindano hutoka nje."

"Nani anajua ni ndugu yako? Si anatumia jina la kazi?"

"Mimi najua."

"Ala! Zimwi likujualo halikuli likakwisha, sembuse dada wa tumbo moja!"

"Basi nikimpigia watasema zimwi limembakiza."

Nilicheka peke yangu. Shangazi akanigeukia. "Wifi, mtoto huyu hukumfunza."

"Nilimfunza, wifi. Ndiyo matokeo hayo."

Kitinda mimba alikuwa mlangoni, amesikia yote. Akaondoka na chai yake ikabaki mezani. Roho iliniuma, lakini sikumwambia dada yake abadilike.

Siku ya kura Chekecheke alisimama mbele ya wenzake akasema, "Yule ni mdogo wangu," akachukua mkoba wake akatoka. Wapo waliomwambia rudi, tunakuamini. Akawajibu kwamba yeye mwenyewe hajiamini. Haya nilisimuliwa na mwenyekiti wao, tena amenishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Jioni ya tuzo mwenyekiti huyohuyo alipanda jukwaani. "Mwigizaji bora, kwa tofauti ya kura moja tu..." Akalitaja jina la kazi la mwanangu. Kigelegele cha shangazi kilimeza kipaza sauti.

Tulirudi kwangu, tuzo ikawekwa katikati ya vikombe. Shangazi hakungoja. "Umeona, Chekecheke? Ameshinda bila wewe!"

Kitinda mimba akamtazama dada yake. "Dada, sema kweli. Ungekuwa ndani, ungenipigia?"

"Hapana. Ningempigia yule mzee aliyeigiza dereva, aliyekuwa wa pili."

"Mungu wangu," shangazi akasema, huku vidole vikihesabu. "Zingelingana!"

Mwanangu akaivuta tuzo yake karibu. "Nilikosea wapi?"

"Mjumbe anapokuja kukuambia mkeo amefariki, mabega yako yanaanguka kabla hajafungua kinywa. Wewe ulishausoma mchezo. Fundi saa hajausoma."

Nilidhani atakasirika. Akainuka, akaketi kwenye kigoda kama fundi, akaokota kijiko akawa anakichokonoa. "Mama, wewe ndiye mjumbe. Toka, uingie."

Nikatoka, nikaingia. "Mwanangu, mkeo..."

"Mabega yamewahi," dada yake akamwambia. "Rudieni."

Tukarudia, mpaka shangazi naye akawa anapiga kelele, "Bega la kushoto hilo, nimeliona!" Mara ya mwisho nilisema habari yote mpaka nikaimaliza, na yeye bado anachokonoa kijiko, kana kwamba maneno yangu hayajafika. Kisha mkono ukasimama. Hapo nikajikuta nalia, namlilia mkwe ambaye hata hajaniletea.

Chekecheke alivua miwani. Safari hii hakutuambia turudie.