Nilisema Nzima

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nivue viatu. Ilikuwa ofisi ya chama cha ushirika cha pamba, hapa Mwanza, na kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma kama kochi la sebuleni. Mhasibu Mkuu, mzee mfupi mwenye sauti nene, alikifunua kwa vidole viwili.

"Binti, hii haitaki vumbi, haitaki joto, haitaki kelele," alisema. "Na wewe usiwe na kelele."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nilikuwa nimetoka Bukoba na cheti changu cha kozi, simjui mtu mjini, na tangu siku ile kazi yangu ikawa kukaa chumbani na kitu kisichotaka kelele.

Nawaambia vijana haya kwa sababu simu zenu zinajisasisha zenyewe mkiwa mmelala, halafu mnanuna zikichelewa kuwaka. Zamani kusasisha kulikuwa kama kumpasua mgonjwa. Kompyuta ikipata umeme haijui chochote, haijui hata kwamba yenyewe ni kompyuta. Mwanzoni kabisa mwa diski yake inakaa programu ndogo ambayo kazi yake ni kuiamsha na kuishika mkono mpaka kwenye programu kubwa. Wataalamu wanaiita butiloda. Mimi nimezoea kuiita kiamshi. Kiamshi kikiharibika, mafaili yako yote yamo ndani salama, lakini hakuna wa kuyafungulia mlango.

Mhasibu Mkuu hakuwa fundi, lakini hofu yake ilinifundisha kuliko kozi. Kila nilipotaka kugusa kitu aliniuliza, "Kabla hujaezua paa, leo utalala wapi?" Basi nikazoea kutengeneza disketi ya dharura kwanza, lile bamba jembamba la plastiki tulilohifadhia kazi, lenye uwezo wa kuamsha mashine kiamshi cha ndani kikifa. Na kutengeneza tu hakutoshi. Unazima mashine, unaiwasha kwa ile disketi, unaona kwa macho yako kwamba inaamka. Disketi ambayo hujaijaribu ni matumaini tu.

Soko huria likaja. Wanunuzi binafsi waliingia vijijini na fedha taslimu, ushirika ukayumba, tukapunguzwa kazi. Mhasibu Mkuu alirudi kwao bila kuaga mtu. Mimi nikabahatika kupata kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara kando ya ziwa, kilichokuwa kimefunguliwa hivi karibuni.

Kule wenzangu walikuwa wengi, lakini hawakuwa wangu. Wakataji wa minofu walisimama bega kwa bega, wakitaniana kutwa nzima. Mimi chumba changu kilikuwa mwisho wa korido, mlango umefungwa ili harufu na unyevu visiingie. Waliniita Dada Kompyuta. Wakinikuta wakati wa chakula walinyamaza kidogo, wakidhani mtu wa ofisini amekuja kusikiliza maneno. Jioni nilirudi chumbani kwangu Butimba, nikapika ndizi za mtu mmoja. Ndizi za mtu mmoja hazinogi, mtu asikudanganye.

Aliyenisemesha alikuwa Mzee Masalu, mwangalizi wa jenereta, mtu wa Buswelu. Banda lake lilikuwa uani, mkabala na dirisha langu. Kila asubuhi alikuja mpaka kizingitini, akavua viatu ingawa hakuwa anaingia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo inataka nini, hiyo ng'ombe yako isiyokunywa maji?"

"Inataka umeme usiokatika."

"Huo niachie mimi."

Tulikaa namna hiyo kwa miaka. Alinisimulia ng'ombe wake kwa majina, nami nikamsimulia mama yangu. Sijui kama alijua kwamba siku nyingine sauti yangu niliitumia kwake tu.

Ikafika siku ya kubadilisha kiamshi. Programu mpya ya hati za kusafirishia samaki ilidai toleo jipya la mfumo, na mfumo ule ulidai kiamshi kipya. Nikanakili mafaili yote pembeni. Nikanakili kiamshi cha zamani kwenye disketi, nikatengeneza ya dharura na pacha wake, maana unyevu wa ziwa ulikuwa ukizila disketi, nikazijaribu zote. Umeme ulikuwa wa mgao, kwa hiyo nikaenda bandani.

"Mzee, leo nitakuwa naandika mahali pabaya kwenye diski. Usizime mpaka usikie sauti yangu mwenyewe."

"Hata Meneja akija?"

"Hata Meneja."

Nikafungua dirisha ili tusikilizane, nikaanza. Wakati mashine inaandika, Meneja Uzalishaji akasimama katikati ya ua. Gari la barafu lilikuwa linasubiri hati, naye hakuwa mtu wa kusubiri.

"Koku!" akapaza sauti. "Mashine nzima?"

Nikachungulia, nikajibu kwa nguvu ili anisikie juu ya mngurumo: "Nzima!"

Jenereta ikanyamaza.

Mngurumo ulikuwa umeimeza ile n. Mzee Masalu alisikia sauti yangu mwenyewe, kama tulivyoagana, ikisema zima. Akazima.

Nilitoka mbio. Meneja alikuwa ameshamfikia.

"Nani kakwambia uzime?"

"Dada kasema."

"Kasema ni nzima! Jenereta imekula masikio yako, mzee. Kama hiyo mashine imekufa, na wewe kazi huna."

"Bosi, haijafa," nikasema. "Nina disketi. Nipe muda kidogo tu, itaamka. Na yeye kanisikia mimi, hana kosa."

"Nenda kaiamshe. Hati zangu kwanza."

Nikarudi. Kijana wa karakana akawasha jenereta. Kioo kikawa cheusi, na kistari kimoja juu kikipepesa. Nikaingiza disketi ya dharura. Ikakoroma, ikaamka. Nikarudisha kiamshi cha zamani, nikahakikisha kinafanya kazi, kisha nikaweka kipya upya na hati zikatoka. Nilifurahi sana, nikatoka na viatu mkononi kwenda kumwambia Mzee Masalu. Banda lilikuwa na yule kijana wa karakana.

Nikamfuata Meneja. Akaniuliza, "Mashine si imeamka?"

"Imeamka."

"Basi yamekwisha. Kwenye jenereta nataka mtu mwenye masikio."

Jumapili nikapanda Buswelu. Nilimkuta anapukuchua mahindi na mkewe. Aliinuka, akanipa kigoda chake.

"Nilisema nzima, mzee."

Akafikiri, halafu akacheka mpaka akashika goti. "Kumbe! Na mimi nikasema, mtoto huyu leo kamaliza mapema." Akaokota hindi jingine. "Imepona?"

"Imepona."

"Mimi je, una disketi yangu?"

Alikuwa anatania. Mimi nililia, na mkewe akaniletea maji.

Nilimwombea kwa Meneja mara nyingi, na kwa meneja aliyemfuata. Haikusaidia. Nilikwenda Buswelu kila nilipopata nafasi, mpaka tulipomzika. Kazini nilibadilisha viamshi vingi baada ya hapo na sikuwahi kupoteza mashine hata moja. Nilikuwa nikifunga dirisha, na mtu akiniuliza hali ya mashine nilijibu iko salama. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Nilipostaafu kiwanda kilinifanyia sherehe. Katibu muhtasi, binti mchangamfu, alikuja chumbani kwangu kuandaa risala. Alitaka majina ya wenzangu wa zamani, yasomwe mbele ya watu. Nikafikiri muda mrefu mpaka akaona haya kwa niaba yangu. Nikampa jina moja.

"Mzee Masalu," akaandika. "Huyu simjui, mama. Alikuwa idara gani?"

"Idara yangu," nikamwambia.