Nimetoa albamu ya acid house, fundi akafungua amplifaya kutafuta ugonjwa

Habari za mchana wakuu. Haya yamenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi. Anayebisha aje karakana kwetu, mtaa wa Gerezani, Dar, tusikilize pamoja.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nasuka koili za spika kwenye karakana ya Mzee Chitanda. Nikiwa nyumbani natengeneza muziki kwenye laptop. Acid house.

Hakuna anayeimba humo. Ni ngoma za mashine na besi inayolialia kama bomba la mgao maji yakianza kurudi. Hiyo besi ndiyo roho yake.

Albamu hii ya kwanza nimeipika miaka miwili. Nilipoimaliza nikaja nayo kazini kwenye flash, nikaichomeka kwenye amplifaya ya mteja iliyokuwa imeshapona, nikaiacha inapiga. Nikaenda Kariakoo kununua waya wa shaba. (Kosa langu, sikumuaga mtu wala kusema ni nini.)

Narudi, amplifaya iko wazi mezani. Mzee kashabadilisha kapasita, kajaribu spika tatu, kaita na fundi wa jirani. Mteja, DJ wa vigodoro, zile ngoma za mtaani za usiku kucha, kule Buguruni, kashika kiuno.

Mzee akaniambia, "Mama Salma, hii mashine bado inakwaruza."

"Haina tatizo Mzee. Huo ni muziki wangu."

Fundi wa jirani alicheka mpaka machozi. Mzee hakucheka.

"Itoe hiyo sauti, weka mtu aimbe. Watu watasema spika za Chitanda mbovu."

Wakuu, niliumia. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi wakati karakana nyingine zinaniambia nikauze vitumbua.

"Mzee, nakuheshimu sana. Ila hiyo sauti haitoki."

Siku hiyohiyo nikaipandisha mtandaoni, sikugusa kitu.

Nikajua kazi sina. Kesho yake akaja mteja mbishi, haamini kama spika yake imepona. Mzee akanigeukia.

"Mama Salma, lete ule ugonjwa wako tupimie."

Besi yangu ikalia dakika kumi, spika ikahimili. Mzee akamwambia mteja, "Kama imevumilia hii, ibebe."

Sasa kila spika inayotoka pale inapitishwa kwanza kwenye albamu yangu. Bado anaiita ugonjwa. Poa tu.

Nilichojifunza: usikimbilie kurekebisha kitu chako kisa mwenzio hajakizoea.

Karibuni mniseme. Hata wale wa "weka mtu aimbe", ila jibu mnalo.