Blanketi Ndani ya Dramu

Bendi yetu ya panki, ule muziki wa magitaa na makelele, pale Bariadi ilipiga miaka bila kusikilizwa na mtu. Mbuzi walikuja, nao waliondoka kabla ya wimbo wa pili. Halafu siku moja mnadani Lagangabilili, watu wakawaacha wacheza ngoma za jadi wakahamia kwetu, nusu ya Simiyu nzima. Tulipopumzika, badala ya kufurahi tukaanza kutazamana vibaya. Usukumani, umati ukihama namna ile, lazima ujiulize nani kaleta dawa ya mvuto.

Sote tukamgeukia mpiga dramu, maana babu yake ni mganga.

"Fungua hiyo dramu kubwa, nkoi, rafiki yangu," mpiga gitaa akamwambia. "Nikikuta dawa, bendi naacha leo hii."

Akafungua. Ndani mlikuwa na blanketi kuukuu, la kuzuia dramu isivume sana.

"Limo tangu siku ya kwanza," akasema. "Mbona mbuzi walipotukimbia hamkulishuku? Haya, nalitoa, tupige bila blanketi."

Mpiga gitaa akautazama ule umati uliokuwa bado unatusubiri.

"Lirudishe kwanza," akasema. "Habari za kuacha bendi tutaongea kesho."