Siku Nilipokataa Kuwa Fagio

Nakumbuka siku moja niliyokasirika mpaka nikamwacha mtu barabarani. Mwanangu, kaa nikuambie, na usicheke kabla sijamaliza.

Nilikuwa msichana wa Saboti mwenye pikipiki yangu mwenyewe, niliyoinunua kwa mahindi niliyolima kwa mikono hii. Enhe, mwanamke! Baba mdogo alisema naaibisha kanisa. Nikamwambia Mungu mwenyewe hajanilalamikia, nikapiga kiki, pikipiki ikanguruma nikaondoka.

Klabu ya pikipiki ya Kitale ilikuwa ya wanaume kumi na mmoja. Walinikataa miezi mingi, kisha wakasema haya, twende naye Bungoma kutazama mbio za pikipiki zinazozunguka barabara za mji. Akienda vizuri tutamwandika. Huo ndio ulikuwa mtihani wangu, na niliitaka ile klabu kuliko nilivyotaka mume.

Asubuhi hiyo Mzee Barasa, kiongozi wao, akatupanga mstari. Akaninyooshea kidole. "Nafula, leo wewe ndio fagio."

Fagio! Wanaume kumi na mmoja, na fagio anapewa mwanamke! Sikuuliza maana yake. Nikakaa nyuma kabisa, nikala vumbi lao hadi Kamukuywa huku nachemka. Mbele yangu alikuwa Njoroge, mzee mpole mwenye pikipiki kuukuu, anaenda kama mtu aliyebeba mayai. Tulipokata kona kwenda Kimilili nikasema, fagieni wenyewe! Nikampita, nikajichomeka katikati ya wanaume, na kiongozi aliyekuwa mbele hakuona.

Bungoma barabara zilikuwa zimefungwa, magurudumu ya zamani yamepangwa kwenye kona, watu wamejaa hadi juu ya malori. Injini zikaanza kulia. Barasa akatuhesabu.

"Njoroge yuko wapi?" Akanigeukia. "Si wewe ndio fagio?"

"Mimi si mfanyakazi wa nyumba zenu!"

"Ati nini?" Akanitazama. "Nafula bana, fagio ni yule wa mwisho asiyempita mtu. Ukiharibikiwa njiani, fagio ndiye anakuokota. Hiyo kazi nampa mtu ninayemwamini kabisa. Leo nilikupa wewe."

Sijawahi kuona aibu kama ile. Nyuma yake mmoja akasema, "Si niliwaambia wanawake hawawezi?" Hapo hasira ikarudi, lakini safari hii ilikuwa na kazi. "Kosa ni langu mimi Nafula," nikamwambia. "Usimbandikie mama yako wala mwanamke mwingine." Nikavaa kofia, nikageuza. Nyuma yangu umati ulikuwa unashangilia, na mbio zile nilizofuata sikuona hata pikipiki moja ikikata kona.

Njoroge nilimkuta kabla sijafika Kamukuywa, ameketi kwenye nyasi, mnyororo umekatika ukamwangusha, mguu umevimba, hawezi kusimama. Watu wa bodaboda walikuwa wametaka kumpeleka hospitali, akakataa. "Niliwaambia fagio wetu anakuja," akaniambia akitabasamu. Heri angenitukana.

Nilimwambia ukweli palepale, kwamba nilimpita kwa kiburi. Akaninyooshea mkono. "Sasa si umekuja," akasema. "Niinue."

Nikamfikisha hospitali. Wengine walipotufuata huko, wakaanza kuulizana kama nifukuzwe. Nikasimama mbele yao nikasema siondoki, na ninataka kuwa fagio tena, kurudi Kitale. Wakapiga kelele. Barasa akakubali. Nilirudi nyuma yao kilomita zote zile bila kumpita hata mmoja, wakaniandika, na tangu siku hiyo kazi hiyo sijampa mtu.

Kwa hivyo mwanangu, sikuambii uwe mpole. Upole mimi sina wa kukupa. Ukidharauliwa kataa, tena kataa kwa sauti. Lakini uliza kwanza umepewa nini, maana mimi nilipewa heshima nikadhani ni tusi, na mguu wa mwenzangu ndio ulioumia. Ukikosea, sema ni wewe, halafu urudi ukatengeneze. Usiwaache watu wawafungie dada zako mlango kwa kosa lako. Njoroge bado anachechemea, na kila Jumapili nje ya kanisa ananiita Fagio. Naitika kwa sauti hadi pasta anageuka.

Mungu akupe barabara ndefu, mwanangu, akuongezee na ubishi. Na siku utakayobaki nyuma peke yako, akuletee mtu ambaye hatakupita.