Kanda ya Mama Chepkorir

Nitawaambia, lakini mcheke polepole, kwa sababu Kapsoit nzima ilishacheka, na mimi mpaka leo naona haya kupita karibu na boma la Mzee Koech hata nikiwa nimejifunika kichwa.

Kazi yangu mnaijua: kibanda cha picha kando ya soko, na deki moja ya zamani ambayo upande wetu imebaki peke yake, nayo ndiyo nawahamishia watu kanda zao za video kwenye DVD. Kanda inacheza ndani ya deki, waya unapeleka picha na sauti kwenye kompyuta, na hakuna njia ya mkato, kanda ikiwa ndefu unaikalia mpaka iishe. Basi Mzee Koech akaniletea kanda ya harambee ya kanisa lao, ameifunga kwa kitambaa safi. Ndani yake marehemu mkewe anasimama na kuzungumza, na mama huyo alifariki binti yao Chepkorir akiwa bado ananyonya.

"Huyu mtoto hajawahi kusikia sauti ya mama yake," Mzee akaniambia. "Wakwe wanakuja Jumamosi kwa koito, waniombe binti rasmi. Nataka amsikie hiyo siku, kabla atoke kwangu."

Haya. Siku ya kuihamisha, kompyuta (nilikuwa nimeinunua juzijuzi na najigamba nayo) ikaniuliza ichukue sauti kutoka wapi, na wakati huohuo chai ikaletwa, na jirani yangu Akinyi wa mitumba akaingia na umbea umemjaa mpaka kooni, nikabonyeza jibu la kwanza bila kusoma. Hiyo tu. Kisha nikazima sauti ya TV iliyokuwa inaonyesha kanda, kwa sababu ilikuwa inakwaruza na mimi nataka habari za Akinyi, tukaongea mpaka kanda ikaisha. Nilipoijaribu ile DVD niliangalia mwanzo tu, picha safi, kelele za watu wengi, nikasema naam, hiyo ni harambee. (Ilikuwa kelele ya soko nje ya dirisha langu.)

Jumamosi nikavaa vizuri nikaipeleka mwenyewe, maana sifa nilitaka nizipokee papo hapo. Wakwe kutoka Longisa walikuwa wameketi chini ya hema, mursik, maziwa yetu ya mgando, imepita, wazee wameelewana, TV imetolewa nje ikawekwa juu ya meza. Chepkorir aliketishwa mbele kabisa kando ya senge yake, dada ya Mzee, ameshika leso kwa mikono miwili. DVD ikaanza. Likaonekana kanisa bila mabati, watu wamebanana, kisha mama yake akasimama, mwembamba, amembeba Chepkorir mwenyewe kiunoni, akafungua mdomo.

"Chapati mbili," akasema, "na usiniletee zile ngumu za jana."

Sauti yangu! Kompyuta ilikuwa imechukua maneno ya kibandani badala ya sauti ya kanda. Na mimi ndiye naongoza kwaya, hakuna mtu pale asiyeijua. Wengine walicheka wakidhani ni mzaha, nami nikaanza kusukuma viti nifike kwenye TV, lakini nilikuwa nimekaa nyuma katikati ya wamama, na (hapa ndipo jasho lilinitoka) nikakumbuka tulichoongea baada ya chapati.

"Huyo kijana wa Longisa nilimwona, Akinyi. Upara unang'aa kama sufuria mpya! Chepkorir alikuwa anaangalia wapi?"

Kijana akainua mkono akagusa kichwa. Mjomba wake akaweka kikombe chini. Nikaruka mguu wa huyu, nikakanyaga wa yule, na marehemu kwenye TV akageuka, akamnyooshea mkono mumewe aliyeketi na wageni wa heshima, akamtabasamia kwa mapenzi, akasema: "Na Mzee Koech je? Siku hizi anapaka nywele rangi ya viatu. Anatafuta bibi, huyo!"

Nikang'oa waya wa stima. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Chepkorir hakunitukana, na afadhali angenitukana. Aliniangalia tu, akauliza, "Mama Kiptoo, sasa sauti yake iko wapi?"

Mjomba wa kijana alikuwa ameshasimama. "Sisi tulikuja kuoa. Hatukuja kuchekwa."

"Ketini, wakwe," Mzee akasema. "Mimi ndio nimechekwa zaidi." Kisha akanigeukia. "Kanda iko?"

"Iko, Mzee." (Nilikuwa naomba Mungu iwe iko.)

"Leta na hiyo mashine yako. Hapa. Hakuna mtu anatoka."

Nikaenda na pikipiki, nikarudi nimepakata deki na kompyuta kama watoto mapacha. Deki ilipoanza kuzunguka ikauma kanda, mkanda ukatoka nje ukaning'inia, nikaurudisha ndani kwa kuzungusha na kalamu, mjomba amenisimamia kichwani. Ukikatika pale, mama wa watu amekufa mara ya pili na aliyemuua ni mimi. Kompyuta ikauliza swali lake. Nikalisoma, nikalirudia, ndipo nikajibu.

Senge akasimama. "Mtu asikohoe! Ama mnataka kuingia kwa DVD kama huyu?"

Watoto wakapelekwa nyuma kwenye majani chai. Picha ikaja na mistari, na mama aliposimama ikapotea kabisa. Sauti ikabaki. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, inaongea Kipsigis, inacheka.

"Nishikieni huyu wangu kidogo. Ameshika kitambaa changu hataki kuachia. Wewe Chepkorir, niachie, mama aongee."

Chepkorir akajiziba mdomo kwa leso, mabega yanamtetemeka, anaogopa kuharibu. Sasa sauti ilikuwa inapita ndani ya waya. Angelia mpaka asikike Kericho na kompyuta isingechukua hata pumzi. Mimi peke yangu ndiye nilijua. Lakini nilikuwa nimeapa kwamba siku hiyo mdomo wangu haufunguki tena, nikanyamaza, naye akalia hivyohivyo, bila sauti, mpaka kanda ikaisha. Hilo linaniuma kuliko upara na rangi ya viatu.

Wakwe waliketi, na harusi ilifanyika. Siku hizi kompyuta ikiuliza nasoma, na Akinyi akija namfungia mlango. Mzee Koech tukikutana sokoni hanisemeshi. Anavua tu kofia polepole, nizione mvi zote, kisha anairudisha na kupita.